Kabla ya Kuchagua, Pawepo pa Kuchagua

Mhadhara uliotolewa mjini Mpanda mbele ya madiwani, watumishi wa afya, walimu, wakulima na wafanyabiashara

   

Shukrani za kwanza ziwaendee waliotoka mbali. Yupo aliyeondoka Karema jana, na yupo aliyedamka na basi la Inyonga kukiwa bado giza. Hawatajwi kwa adabu tu. Safari zao ni sehemu ya mada yenyewe, na kabla hatujamaliza tutazirudia.

Mada ni mabishano ya zamani yaliyovaa nguo mpya. Je, matibabu yawe mikononi mwa serikali, iyajenge, iyagharimie na kuyasimamia? Au kila mtu aachiwe uamuzi wake: achague hospitali, achague bima, na akitaka akae bila bima alipe siku atakayougua? Swali hili lilitikisa Bunge la Dodoma tangu Septemba 2022, Muswada wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote uliposomwa mara ya kwanza, ukasogezwa mbele zaidi ya mara moja, hadi ukapitishwa Novemba 2023. Limebishaniwa Nairobi mpaka mahakamani. Marekani lilifika Mahakama ya Juu mwaka 2012, majaji wakiamua kama raia anaweza kutozwa faini kwa kutokuwa na bima.

Kusudi la mhadhara huu ni kulishusha swali hilo hapa Katavi, tuone linabaki na umbo gani. Msemaji wenu anasema mapema anakosimama, ili asimchoshe mtu kwa kumficha: katika mkoa kama huu, uhuru wa kuchagua matibabu unaletwa na kazi ya serikali, na serikali nayo haina haki ya kumlazimisha mkulima achangie mpaka dawa iwepo dirishani. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Anayeshika moja na kuliacha la pili anatuongoza vibaya.

Hoja ya kwanza: pande zote mbili tumekwishazijaribu

Vijana waliomo humu wanaweza kudhani mjadala huu umeanza na sheria ya 2023. Wazee wanajua sivyo.

Tuanzie Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 wamisionari wa shirika la White Fathers walikabidhiwa boma lililojengwa na Wabelgiji. Miaka minne baadaye, 1889, alifika pale kijana mmoja Mwafrika, Adrian Atiman. Alizaliwa mbali sana, katika nchi za mto Niger. Akatekwa utotoni, akauzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akapelekwa Malta kusomea utabibu. Alikaa Karema akitibu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: miaka 67 katika kituo kimoja. Alioa katika ukoo wa kichifu wa Wabende, na mtoto wake akawa padri. Alitumia utabibu aliousomea bila kuzidharau dawa za wenyeji. Mjini Sumbawanga ipo hospitali ya Kanisa inayoitwa kwa jina lake.

Kwa nini tumkumbuke leo? Kwa sababu tabibu huyu wa kisasa, mmoja wa wa mwanzo katika ardhi inayoitwa Katavi, hakuletwa na serikali, wala hakuletwa na soko. Aliletwa na imani, na mgonjwa wa Karema hakuwa na wa kumlinganisha naye. Alikuwa mmoja. Kwa mtu aliyetembea siku mbili kumfuata, neno "chaguo" lisingekuwa na maana yoyote, na hata hivyo maisha mengi yaliokoka.

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, taifa liliamua kwamba matibabu ni haki na si bidhaa. Miaka ya 1970 ikawa ya kupeleka zahanati vijijini na kufundisha waganga wasaidizi na wahudumu wa afya. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu kuzunguka redio jioni, wakasikiliza habari za vyoo, maji na malaria, kisha kesho yake wakachimba. Mwaka 1977 ikatungwa sheria iliyozuia hospitali za watu binafsi zinazofanya biashara. Yaliyoruhusiwa ni mashirika ya dini na yale yaliyoidhinishwa. Hapa kwetu ulikuwa pia wakati wa makazi ya wakimbizi wa Burundi, Katumba na baadaye Mishamo, ambako huduma zilijengwa kwa fedha za mashirika ya kimataifa kisha zikakabidhiwa serikali.

Halafu uchumi ukaanguka. Anayekumbuka foleni za sabuni anakumbuka pia zahanati yenye mganga mwenye koti jeupe safi na kabati tupu. Huduma ilikuwa bure, na dawa haikuwepo. Mwaka 1991 sheria ikarekebishwa, zahanati na hospitali za binafsi zikarudi. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji wa gharama katika hospitali za serikali, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano wakisamehewa.

Basi tumeona serikali pekee, ikaishiwa. Tumeona pia malipo ya papo kwa papo, nayo yakawafanya watu wasubiri nyumbani mpaka homa ya mtoto igeuke degedege. Kwa hiyo atakayesimama jukwaani kutuambia kuwa upande mmoja una majibu yote, aulizwe kwa upole: ulikuwa wapi mwaka 1984, na ulikuwa wapi mwaka 1994?

Hoja ya pili: Katavi, mwamuzi ni kilomita

Hii ndiyo hoja kubwa, na mtavumilia ikichukua muda.

Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa. Una eneo la kilomita za mraba 45,843. Rwanda nzima, nchi yenye bendera na rais wake, ina 26,338. Sensa ya 2012 ilihesabu Katavi watu 564,604. Ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Ndani ya miaka kumi tumezidi maradufu, kwa kasi isiyofikiwa na mkoa wowote mwingine nchini. Ni wafugaji waliohamia Mpimbwe na Tanganyika, wakulima wa mpunga na tumbaku, wachimbaji waliofuata dhahabu Ibindi na Dirifu, na watoto wetu wenyewe, ambao ni wengi. Pamoja na ongezeko hilo lote, kilomita moja ya mraba bado ina watu 25 tu. Dar es Salaam, kilomita hiyo hiyo ina watu zaidi ya 3,800.

Hapo ndipo falsafa ya kuchagua inapokutana na barabara ya Mwese.

Mkazi wa Kariakoo akisema "nataka kuchagua hospitali yangu", ana maana inayoshikika. Ndani ya mwendo wa bodaboda ana Muhimbili, ana Amana, ana hospitali za misheni, ana za binafsi, ana maabara kila kona. Zikishindana kwa bei na kwa lugha nzuri kwa mgonjwa, yeye ananufaika. Sasa mchukue mama aliye kwenye kitongoji cha milimani Mwese, mimba ya miezi minane, mvua za Machi zimelainisha njia. Mpe kadi ya bima ghali kuliko zote. Mpe vitabu vyote vinavyosifu soko huru. Ana zahanati moja. Ikifunguliwa, amehudumiwa, ikifungwa kwa sababu muuguzi pekee amekwenda Mpanda kufuata mshahara, hana pengine. Kadi ya hospitali tatu za Dar es Salaam haimpunguzii hata hatua moja.

Mfanyabiashara hatajenga kituo pale, na hakuna sababu ya kumlaumu. Hesabu haimruhusu: wagonjwa wachache, fedha zinazoonekana msimu wa mavuno tu, dawa za kusafirisha mbali, daktari wa kumshawishi akae mahali pasipo na umeme wa uhakika. Soko huenda palipo na watu wenye fedha waliokaa karibu karibu. Mtu wa Mwese hana sifa hata moja kati ya hizo, na bado ni raia kama mwingine. Ndiyo maana Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule MMAM ulioanza 2007, ulitaka zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Haukufika kote. Lakini ulijua tatizo liko wapi.

Wapo watakaosema wagonjwa wa vijijini nao wanachagua kila siku: huanza na duka la dawa. Ni kweli, na hilo lisipuuzwe. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzishwa kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, yamesogeza dawa jirani na watu kuliko mpango mwingine wowote, na yanaendeshwa na watu binafsi. Hapo sekta binafsi imetusaidia. Lakini tuangalie mama anavyochagua pale kaunta. Ana shilingi elfu mbili. Dozi kamili ni zaidi ya hiyo. Anauziwa nusu dozi, anashukuru, anaondoka. Amechagua, ndiyo. Wauguzi mliomo humu ndio mnaompokea mtoto wake siku ya nne.

Na lipo jambo la Loliondo, ambalo msemaji wenu haliongelei kwa dharau hata kidogo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walimfuata Mchungaji Ambilikile Mwasapila kijijini Samunge kunywa kikombe cha shilingi 500. Foleni za magari zilikuwa za kilomita nyingi. Walikwenda masikini, walikwenda vigogo. Wako waliotolewa wodini, na wako walioacha dawa zao za kudumu. Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliochoka, na mtu mmoja aliwapokea kwa heshima kwa bei ambayo kila mmoja angeimudu. Mgonjwa huchagua kwa imani na kwa mfuko wake, maana vipimo hawezi kujisomea. Tukitaka achague vizuri, sharti tuweke karibu naye mahali pa kuaminika na pa bei anayoimudu. Hiyo ni kazi ya umma.

Matunda ya kazi hiyo yanaonekana. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Yalichangia mambo mengi: vituo vya afya vyenye vyumba vya upasuaji, wauguzi walioajiriwa, damu salama. Na mnajua namba 115. Huduma ya m-mama iliyotangazwa kwa nchi nzima mwaka 2022 inapokea simu bure. Gari la wagonjwa lisipokuwepo karibu, anatumwa dereva wa kawaida wa eneo lile, mwenye gari lake, naye analipwa kwa simu. Tazameni ilivyopangwa. Umma unalipa na kuratibu, mtu binafsi anaendesha, mama hadaiwi hata senti. Mabishano ya serikali dhidi ya mtu binafsi yalikwenda wapi hapo? Dereva hakuuliza.

Hoja ya tatu: bima ya hiari ni kama chama cha kuzikana kisicho na masharti

Kila mtaa wa Mpanda una chama cha kufa na kuzikana. Kawajense, Makanyagio, Nsemulwa, huwezi kukosa. Tunajua kanuni zake bila kusoma chuo. Unachangia mwezi hadi mwezi, msiba ukiingia unasitiriwa. Je, chama kingekaa muda gani kama kila mtu angeruhusiwa kujiunga siku ambayo mgonjwa wake ameshakata kauli? Angelipa mchango mmoja, angezika kwa fedha za wenzake, kisha angetoweka. Waliochangia miaka mitano wangechoka, wangejitoa mmoja mmoja, na sanduku lingebaki na mweka hazina na daftari. Ndiyo maana chama kina kipindi cha kungojea, na mwanachama mpya hahudumiwi kesho yake.

Bima ya afya ya hiari inaugua ugonjwa huo huo, na Tanzania tunao ushahidi wetu, hatuna haja ya kuazima wa mtu.

Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kwa majaribio Igunga, jirani zetu wa Tabora, katikati ya miaka ya 1990, na sheria yake ikatungwa 2001. Ulikuwa wa hiari. Baadaye ukaboreshwa: kaya ya watu hadi sita ikalipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kadi ikafanya kazi kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa. Kwa mambo mengi ulikuwa mpango wenye huruma. Hata hivyo, pamoja na mifuko yote, Serikali ilipokuwa ikitetea muswada bungeni ilisema Watanzania wenye bima ni kama asilimia 15 tu. Katika kila watu 20 mnaowaona humu ukumbini, ni watatu.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioundwa kwa sheria ya 1999, umesimama kwa sababu msingi wake ni lazima: mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza 3. Mwalimu mzima analipa pamoja na mwalimu mgonjwa. Mfuko ulipofungua milango ya hiari, shida ikaingia. Toto Afya Kadi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na ilipendwa, na iliokoa watoto. Ikasimamishwa mwaka 2023, kwa maelezo kwamba wengi walioandikishwa ni watoto waliokwisha kuugua, na matumizi yakayazidi makusanyo kwa mbali. Vifurushi vya Najali, Wekeza na Timiza Afya vya mwaka 2019, vilivyoanzia shilingi 192,000, vilikuwa chaguo la mtu binafsi kwa maana kamili ya neno. Lakini mkulima wa Mwamkulu aliyekuwa akitafuta 30,000 ya CHF hakuwa na haja ya kuvisoma mpaka mwisho.

Mzazi anayekata kadi siku mtoto wake anapogunduliwa ana tatizo la moyo hana kosa. Sisi sote tungefanya hivyo. Kosa ni la mpango unaotegemea kwamba wazima watajitokeza wenyewe, katika nchi ambayo fedha ya leo ina kazi kumi kabla ya ugonjwa wa mwakani.

Kwa hiyo upande wa lazima una hoja nzito, na msemaji wenu anaikubali: bila wazima kuchangia, hakuna bima. Hata Uswisi, nchi ambayo hakuna atakayeiita ya kijamaa, tangu mwaka 1996 kila mkazi analazimika kuwa na bima ya msingi. Anachochagua ni kampuni, na kampuni hairuhusiwi kumkataa kwa sababu ni mgonjwa. Lazima na hiari zimewekwa nyumba moja, kila moja chumba chake.

Hoja ya nne: anayelazimisha naye adaiwe

Hapa ndipo wenye kutetea serikali wanapopaswa kunyamaza kidogo na kusikiliza.

Muswada wa 2022 ulipotoka, mambo mawili yaliwashtua watu. La kwanza ni kiwango kilichotajwa: shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita, zaidi ya mara 11 ya CHF. La pili ni pendekezo la kufungamanisha bima na huduma nyingine, ili mtu akitaka leseni ya udereva au ya biashara na mengineyo aoneshe kwanza kadi. Wabunge wa pande mbalimbali walihoji, wananchi wakahoji, muswada ukarudishwa jikoni. Sheria iliyopitishwa 2023 ilikuja na mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo, ukilishwa na sehemu ya tozo na kodi za vitu kama vinywaji baridi, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Hayo yalikuwa matunda ya mabishano. Waliopinga hawakuwa maadui wa afya, waliirekebisha sheria.

Kenya walipita njia yenye miiba zaidi. Mamlaka mpya ya afya ya jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF yao Oktoba 2024, mwenye mshahara akikatwa asilimia 2.75. Mahakama Kuu ilikuwa imeshasema Julai mwaka huo kwamba sheria zake zinakiuka katiba. Mahakama ya Rufani ikaruhusu ziendelee wakati rufaa ikisikilizwa. Watu walianza kukatwa fedha huku wakisoma magazetini kwamba uhalali wa makato bado unabishaniwa. Imani ikipotea mwanzoni, kuirudisha ni kazi ya miaka.

Rwanda husifiwa kila mahali kwa bima yake ya jamii, mutuelle, iliyofikia sehemu kubwa mno ya wananchi. Sifa hizo ni za haki. Lakini wanaotuletea mfano huo wasisahau zile kilomita tulizozihesabu. Mnyarwanda analazimishwa kuchangia huku kituo cha afya kikiwa kilima cha pili. Ukimlazimisha mtu wa Karema kwa kiwango hicho hicho, huku rufaa yake ya mkoa iko zaidi ya kilomita 100 na ya kanda iko Mbeya, umemtoza bei moja kwa bidhaa mbili tofauti.

Na hapa tulitaje neno ambalo kila mmoja humu amelisikia dirishani: "Dawa hii hatuna, kanunue nje." Ni sentensi fupi, na imevunja bima nyingi kuliko umaskini. Mkulima ameuza gunia, amekata kadi, amekaa foleni tangu saa moja, ameandikiwa, kisha anapewa karatasi aende duka la ng'ambo ya barabara alipe taslimu. Mwakani mwandikishaji akimgongea mlango, atamjibu nini? Atakayemwita mkaidi, na alipe yeye hizo fedha mara mbili.

Wanachama wa NHIF yetu nao walionja jambo la namna hiyo Machi 2024, hospitali nyingi za binafsi zilipositisha kuwahudumia kwa kutoridhishwa na kitita kipya cha bei. Wenye kadi walijikuta mlangoni, bima yao hai, hospitali ileile, huduma hakuna. Ilichukua siku kadhaa za vikao. Somo lake linagusa pande zote mbili: mfuko mmoja wa serikali ukipanga bei peke yake unaweza kumfungia mgonjwa milango, na hospitali ya biashara iliyopewa uhuru kamili inaweza kuifunga yenyewe.

Deni la serikali, basi, linahesabika. Afrika iliahidi Abuja mwaka 2001 kwamba asilimia 15 ya bajeti itakwenda kwenye afya, na sisi tulikuwepo, hatujaifikia. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi imejengwa upya, na kila mtu humu anafurahi kuiona. Jengo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni daktari bingwa anayekubali kukaa Mpanda zaidi ya mwaka mmoja, na shehena ya Bohari ya Dawa inayofika kabla kabati halijawa tupu.

Yaliyo mbele yetu

Ndugu zangu, sheria ipo. Kazi iliyobaki ni utekelezaji, na sehemu kubwa ya utekelezaji haitafanyikia Dodoma. Itafanyikia kwenye vikao vyenu.

Msemaji wenu anapendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wa mkoa huu. Uandikishaji ufuate msimu. Mpunga wa Mwamkulu, Kakese na bonde la Mpimbwe huingia ghalani kuanzia Mei na Juni. Tumbaku ina masoko yake na vyama vyake vya msingi vinavyojua kila mkulima alilipwa nini na lini. Mwandikishaji akija Januari, wakati kaya inanunua chakula, amekuja kukataliwa. Wafugaji nao wasihesabiwe kwa ghala, maana mali yao inatembea.

Kaya zisizo na uwezo zitajwe hadharani. Tunao uzoefu wa TASAF, ambako mkutano wa kijiji ulikaa ukatambua kaya masikini. Kulikuwa na manung'uniko na upendeleo hapa na pale, lakini kijiji kinajua nani hana, kuliko mfumo wowote wa kompyuta. Orodha ibandikwe, ipingwe, isahihishwe, halafu iheshimiwe.

Kila zahanati ibandike pia orodha nyingine ukutani, kwa maandishi makubwa: dawa zipi zipo wiki hii, zipi hazipo, na shehena inayofuata inategemewa lini. Madiwani, hili halihitaji fedha ya wafadhili. Linahitaji kalamu nene na mganga mfawidhi asiyeogopa kuulizwa. Mahali ambapo dawa imekosekana, mwenye kadi apewe hati ya kuichukua kwenye duka la dawa lililosajiliwa bila kulipa tena, na mfuko umlipe mwenye duka. Hapo ndipo mtu binafsi na serikali watashikana mikono kwa faida ya mgonjwa, na hapo ndipo mgonjwa wa Usevya au Majimoto ataanza kuonja chaguo la kweli: akikosa huku, ana mlango wa pili.

Na pale mjini, ambako zahanati za misheni na za binafsi zipo, kadi ifanye kazi kote. Mwenye kadi asipangiwe kituo kama mfungwa. Akiona anasemeshwa vibaya kituo cha serikali, ahame, na fedha imfuate. Kituo kilichokimbiwa kitajua sababu.

Baada ya mwaka mmoja wa utekelezaji, halmashauri zote tano zikae mahali pamoja, Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika, zilete hesabu tatu tu: kaya ngapi zimechangia, kaya ngapi zimelipiwa, na mara ngapi mgonjwa mwenye kadi ameambiwa akanunue nje. Hesabu ya tatu ndiyo itakayosema kama tuna haki ya kudai michango ya mwaka wa pili.

Ndugu Mwenyekiti, maswali yafunguliwe. Waanze wageni waliotoka Karema, maana gari lao linaondoka saa nane.